Kabla Hamjachimba Tuta la Kwanza: Maswali Kuhusu Upembuzi Yakinifu wa Kutunza Kidakio cha Mto

Maswali haya nimeyaokota barazani, kwenye mikutano ya vyama vya watumiaji maji, na mara moja ndani ya matatu iliyokwama kwenye tope karibu na Ahero. Nawaandikia wanavikundi wa Nakuru, Kericho, Nandi, Kisumu na Magharibi ambao wana mto wanaotaka kuutunza, na kila wakibisha mlango wa mfadhili wanaambiwa: "Leteni kwanza upembuzi yakinifu." Sikuyapanga kama kitabu. Yanayoulizwa sana yametangulia, na mengine yamejipenyeza tu.

Kidakio ni nini hasa? Mbona wengine husema chemchemi na wengine bonde?

Kidakio ni eneo lote ambalo tone la mvua likianguka humo, mwishowe litapita mahali pamoja: kwenye daraja fulani, kwenye banio la mfereji, au kwenye mdomo wa mto ziwani. Chemchemi ni pale maji yanapotokea ardhini tu. Bonde ni neno pana, na si kosa kulitumia, ila ukilisema barazani watu huwaza sehemu ya chini peke yake, wakati kazi kubwa iko juu kwenye miteremko.

Ukisafiri kutoka Nakuru kwenda Kisumu, karibu na Mau Summit unavuka mgongo wa nchi bila kuhisi. Mvua ya upande mmoja huishia kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Ya upande wa pili huteremka hadi Ziwa Victoria, ikaingia Nile, ikafika Misri. Mgongo kama huo, hata ukiwa mdogo wa kijijini kwenu, ndio mpaka wa kidakio. Haujali mpaka wa kata wala wa kaunti, na matatizo mengi utakayosoma hapa chini yameanzia hapo.

Upembuzi yakinifu na mpango wa utunzaji si kitu kimoja?

La. Mpango husema tutafanya nini, lini na kwa pesa ngapi. Upembuzi huja kabla yake na huuliza kama jambo lenyewe linawezekana: je, tatizo ni lile tunalodhani, dawa tunayoitaka inalitibu, nani atabeba gharama, na akibeba atapata nini? Nimesoma ripoti nyingi zenye ramani za rangi ambazo zilijibu maswali yote isipokuwa hilo la nani atabeba. Mkulima wa mlimani anaambiwa achimbe matuta, aache kulima kando ya mto, apande miti, ili mtu aliye umbali wa kilomita 50 asifurikiwe. Kama ripoti haisemi kwa nini akubali, bado hamjapembua chochote.

Tuchague eneo kubwa kiasi gani?

Dogo kuliko mnavyofikiri. Kidakio cha Mto Nyando, unaoingia Ziwa Victoria, ni takriban kilomita za mraba 3,500. Cha Mto Nzoia ni zaidi ya 12,000. Hata Mto Njoro, ambao watu wa Nakuru huuona mdogo, unakusanya maji ya takriban kilomita za mraba 280 kutoka mteremko wa mashariki wa Mau. Kikundi cha watu 60 hakitunzi Nyando. Kinaweza kutunza kijito kimoja kinachoingia kwenye kijito kingine kinachoingia Nyando.

Kipimo changu si cha kitaalamu: mkiweza kukizunguka kidakio chote kwa miguu kwa siku mbili na kurudi nyumbani kulala, ukubwa huo unafaa. Hapo mtawajua wenye mashamba kwa majina, na mtu akivunja makubaliano mtajua ni nani.

Tuna kamba, jembe na simu. Tunaweza kupima nini bila mhandisi?

Mengi, na mengine mtayapima vizuri kuliko mhandisi anayefika Jumanne na kuondoka Alhamisi.

Anzeni na mteremko. Chukueni kamba ya mita 10 na pima maji ya fundi. Mmoja asimame juu akiwa ameshika ncha chini kabisa kwenye udongo, mwingine asogee chini mpaka kamba ikaze na kulala sawa. Pimeni urefu kutoka kamba hadi ardhini upande wa chini. Ukiwa mita moja na nusu, mteremko ni asilimia 15. Pimeni hivyo mara 20 au 30 mahali mbalimbali, muandike. Kanuni za zamani za kilimo nchini Kenya zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Mtashangaa ni mahindi mangapi yamesimama juu ya asilimia 35.

Kutafuta mstari wa usawa wa kuchimbia tuta, tengenezeni fremu ya herufi A kwa fito tatu, mning'inize jiwe kwa uzi liwe timazi. Isimamisheni, wekeni alama uzi unapogusa ufito wa kati, halafu geuzeni miguu papo hapo na muweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Wengi huruka hatua ya kugeuza, kisha matuta yao yanapeleka maji kwenye kona ya shamba la jirani. Kesi ya aina hiyo nimeisikiliza kwa mzee wa kijiji mpaka jua likazama.

Kisha pimeni jinsi udongo unavyokunywa maji. Chukueni mkebe wa kilo wa mafuta ya kupikia, ukatwe pande zote mbili, mpigilie nusu ardhini, mmimine nusu lita na mhesabu dakika. Fanyeni msituni, shambani, malishoni na kwenye njia ya ng'ombe. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, msituni maji yaliisha kabla sijamaliza kuandika saa. Kwenye njia ya ng'ombe nilikunywa chai yangu yote, kikombe kikapoa, na maji bado yalikuwa yakinitazama.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni chupa. Siku ya mvua kubwa, watu watano wasimame kwenye vijito vitano vinavyoingia mtoni na kila mmoja ajaze chupa ya nusu lita saa ile ile. Kila chupa iandikwe jina la kijito, zipangwe dirishani zilale usiku kucha. Asubuhi tope limetuama, na kila mtu, hata asiyejua kusoma grafu, anaona kijito gani ndicho kinachobeba shamba la nani.

Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilikuwa na hakika kwamba tope linatoka kwa wanaolima ukingoni mwa msitu. Chupa ya kijito chao ilikuwa na tope la unene wa kidole. Chupa ya kijito kingine, chenye mashamba mazuri ya majani chai, ilikuwa na mara tatu ya hilo. Tulipopanda kufuata, tukakuta barabara ya murramu ambayo maji yake yote yalikusanywa na kalvati moja na kumwagwa kwenye kona ya mteremko. Korongo lilikuwa limeanzia pale pale kwenye mdomo wa kalvati, limemeza mgomba na nusu ya choo. Mwezi mzima tulikuwa tumewalaumu watu wasio na kosa.

Mto wetu hauna kituo cha kupimia maji. Bila takwimu tutasema nini?

Vituo vingi vilivyokuwepo vina mapengo ya miaka, kwa hiyo hamko peke yenu. Ulizeni kwanza ofisi za Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kati ya mabonde 6 makuu ya nchi, matatu yana ofisi zake huku kwetu: Kakamega kwa Ziwa Victoria Kaskazini, Kisumu kwa Ziwa Victoria Kusini, Nakuru kwa Bonde la Ufa.

Takwimu za mvua inayokadiriwa kwa setilaiti zinapatikana bure, zikianzia mwaka 1981. Picha za setilaiti za Landsat zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970, na za Sentinel-2 zipo tangu 2015 zikionyesha kitu cha mita 10. Programu ya ramani ya QGIS nayo ni bure. Kijana mmoja wa kikundi aliyemaliza chuo na anayekaa nyumbani bila kazi anaweza kulinganisha msitu wa 1986 na wa leo kwa wiki moja. Mlipeni, tafadhali. Kazi ya vijana imezoeleka kuwa ya bure.

Halafu kuna alama za wenyeji. Kano, tambarare iliyo kule chini ya Nyando, nilionyeshwa na nyanya mmoja mistari kwenye ukuta wa jiko lake, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ni mafuriko ambayo yeye mwenyewe aliyakwangua kwa kisu maji yalipoanza kushuka. Wa 2020 ulikuwa juu kuliko wa miaka mingi. Huyo ana kituo cha kupimia maji, ila hakijasajiliwa.

Tukichimba matuta milimani, Kano haitafurika tena?

Swali hili huulizwa kila masika, na mkipewa jibu tamu mtakuwa mmedanganywa.

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo milimita 40, mvua ya jioni moja ya kawaida milimani Kericho, kwenye ekari moja ni takriban lita 160,000. Hayo ni matangi 16 ya lita 10,000 kwenye ekari moja tu. Udongo mzuri wenye matuta na majani hunywa sehemu kubwa. Udongo uliokanyagwa hunywa kidogo na kuachilia yaliyobaki. Hapo matuta yanasaidia sana, hasa kwa mvua ndogo na za kati, na hasa mwanzo wa msimu.

Sasa chukueni Nyando yote. Milimita 10 tu zikitiririka juu ya kilomita za mraba 3,500 ni mita za ujazo milioni 35. Mkichimba vidimbwi 1,000 vya mita za ujazo 300 kila kimoja, mmeshika 300,000. Hata asilimia moja haifiki. Tena mafuriko makubwa huja mwishoni mwa masika, udongo ukiwa umeshashiba, na hapo hata msitu huachilia maji. Mwaka 2020 ziwa lenyewe lilipanda mno, mito ikakosa pa kumwagia, maji yakarudi nyuma mashambani. Tuta la Tinderet, kule juu mlimani, halina la kufanya hapo.

Ambacho matuta yanaweza ni kupunguza tope. Tope ndilo linalojaza sakafu ya mto kule bondeni, mkondo ukawa kama sahani badala ya bakuli, hata maji ya kiasi yakapanda kingo. Watafiti wa kilimo-mseto cha miti wameshaonyesha kwa picha za setilaiti jinsi utepe wa tope la Nyando unavyoingia Ghuba ya Winam, na korongo la Katuk Odeyo kule Nyakach mtu analiona kwa macho bila setilaiti. Kwa hiyo andikeni kwenye upembuzi: "Tutapunguza tope na kuongeza maji ya kiangazi." Mkiandika "tutamaliza mafuriko", mwaka wa tatu mtaulizwa, na mtakosa la kusema.

Tuta moja linamgharimu mkulima kiasi gani?

Hapa ndipo ripoti nyingi hupita mbio, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukueni ekari moja yenye mteremko wa asilimia 15, na fanya juu ya kawaida: mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 60, udongo ukirushwa upande wa juu. (Jina hilo la Kiswahili limeingia kwenye vitabu vya kilimo vya dunia nzima likiwa vile vile, fanya juu, na pacha wake fanya chini. Sisi tunaoazima maneno kila siku, tuliazimwa hilo.) Kwa mteremko huo matuta huachana kama mita 11 au 12. Ekari ya mraba ina upande wa mita 64 hivi, kwa hiyo ni matuta matano au sita, mita 320 hadi 380 za kuchimba. Mtu mwenye nguvu kwenye udongo usio na mawe atachimba mita sita hadi nane kwa siku. Hizo ni siku 40 hadi 60 hivi za jembe.

Zidisheni kwa ujira wa kibarua kijijini kwenu, wala msitumie ujira ulioandikwa kwenye mwongozo. Kisha ongezeni ardhi inayoliwa: mtaro na tuta pamoja huchukua karibu mita moja na nusu kila mita 11 au 12, yaani zaidi ya asilimia 12 ya shamba. Kwa mwenye ekari 10 Molo hilo ni kelele ndogo. Vihiga, ambako sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba na shamba la familia mara nyingi halifiki ekari moja, ni chakula cha wiki kadhaa.

Ndiyo maana tuta tupu halidumu. Juu yake pandeni nepia, au kaliandra, au majani mengine ya ng'ombe, ili ile asilimia 12 irudi kwa njia ya maziwa. Nilichoona mara nyingi ni kwamba mwenye ng'ombe hutunza tuta, na asiye na ng'ombe huliacha libomoke ndani ya misimu miwili. Hesabuni basi ng'ombe kwenye kidakio chenu kabla ya kuhesabu mita za matuta.

Na upande wa faida, msisahau udongo wenyewe. Tabaka la milimita moja likiondoka kwenye ekari moja ni kama tani tano, lori moja la kenta lililojaa. Milimita moja haionekani kwa macho. Kenta ikipakia udongo wako na kuondoka, ungeikimbilia barabarani.

Wengi wanaolima juu wamekodi tu. Inabadilisha nini?

Inabadilisha kila kitu. Huko Mau Narok, Molo na Njoro shamba hukodishwa kwa msimu, mtu akapanda viazi, akavuna, akaondoka. Hakuna mpangaji atakayechimba tuta la miaka 20 kwenye shamba la miezi minne. Mwenye shamba yuko Nairobi au Eldoret na anachotaka ni kodi. Kwenye upembuzi, pakeni ramani rangi tatu: anayelima chake, anayelima cha kukodi, na ardhi yenye mgogoro au isiyo na hati. Rangi ya pili ikizidi nusu, fikirieni njia za muda mfupi, kama kulima viazi kwa kufuata kontua, yaani mstari wa usawa, badala ya kuteremka, au kipengele kwenye mkataba wa kukodi. Rangi ya tatu msiiguse mpaka yenyewe itulie. Msitu wa Mau umetufundisha hilo kwa machungu: maelfu ya hekta zilitolewa rasmi kwenye msitu mwaka 2001, kisha yakaja mabishano ya hati, kisha watu wakaondolewa, na katikati ya hayo yote hakuna mkulima aliyekuwa na sababu ya kutunza kitu ambacho kesho si chake.

Walio chini wawalipe walio juu?

Imejaribiwa hapa hapa. Ziwa Naivasha liko Kaunti ya Nakuru, lakini mito yake mikubwa inateremka kutoka Nyandarua. Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, watumiaji maji wa ziwani, wakiwemo wakulima wa maua, walikubaliana kuwapa wakulima wa Wanjohi na Turasha vocha za pembejeo, nao wakulima wakapanda majani ya kuzuia udongo, miti, na kuacha kulima kando ya mito. Kiasi kwa kila mkulima kilikuwa kidogo. Kilichofanya mfumo usimame ni kwamba kule chini kulikuwa na wanunuzi wanaojulikana, wenye pesa, na wanaopata hasara maji yakichafuka.

Jiulizeni basi: chini yenu kuna nani? Chini ya Sondu kuna mitambo ya umeme. Chini ya Nyando kuna skimu ya mpunga ya Ahero, na kampuni za maji zinazonunua dawa nyingi zaidi ya kusafishia maji mto ukiwa mwekundu. Ombeni hesabu ya dawa hiyo kwa mwezi wa kiangazi na mwezi wa masika. Tofauti yake ndiyo pesa mnayoweza kuizungumzia mezani.

Kaboni nayo, yaani kulipwa kwa hewa ya kaboni inayohifadhiwa udongoni na mitini, huulizwa. Mradi wa kaboni ya udongo wa Kisumu na Kitale ulioendeshwa na Vi Agroforestry ulipata hati zake za kwanza za kaboni mwaka 2014, na ulikuwa wa mwanzo duniani kwa aina yake. Lakini mkulima mmoja mmoja alinufaika zaidi na mahindi yaliyoongezeka kuliko na pesa ya kaboni. Mtu akija na mkataba wa kaboni wa miaka 30 na kalamu mkononi, mpeni chai, chukueni nakala, msiweke sahihi siku hiyo.

Sheria inataka mita ngapi kutoka mtoni?

Kanuni za maji za 2007 ziliweka angalau mita 6 kila upande, zikiongezeka kwa kadiri ya upana wa mto hadi mita 30. Kwenye upembuzi, msiishie kuandika kanuni. Tembeeni na utepe mhesabu nyumba, migomba na vitalu vya sukumawiki vilivyomo ndani. Nusu ekari yenye mita 40 za kando ya mto hupoteza mita za mraba 240 kwa ukanda wa mita 6, karibu sehemu moja ya nane. Mwenye shamba akiambiwa apande mianzi au nepia humo na avune, mtazungumza. Akiambiwa "toka", mtakutana kwa chifu.

Mikaratusi ing'olewe?

Kando ya chemchemi na vijito vidogo, ndiyo, pole pole, na mbadala uwe tayari. Juu ya mgongo wenye mawe ambako hakuna kingine kinachoota, iacheni. Watu wamesomesha watoto kwa nguzo za mkaratusi, na ukianza mkutano wako wa kwanza kwa kuutukana huo mti, hutapata mkutano wa pili.

Tukirudisha misitu ya Mau, Ziwa Nakuru litashuka?

Hapana, au si kwa namna mnavyotumaini. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Linapokea maji ya Njoro, Makalia, Nderit na mengineyo, na hutoa kwa jua tu. Katikati ya miaka ya 1990 lilikauka karibu lote, likabaki vumbi, huku Mau ikikatwa. Tangu 2010 hivi limepanda, likafunika lango kuu la mbuga na nyumba za watu, huku Mau ikiwa imekatwa zaidi. Kisababishi kikubwa cha kupanda huko ni mvua iliyoongezeka katika Bonde la Ufa zima, kwani Baringo, Bogoria na Naivasha yalipanda pia. Kutunza Mto Njoro kuna faida zake: maji ya kiangazi, tope kidogo, kinyesi kidogo mtoni. Andikeni hizo. Ziwa liacheni kwenye ukurasa wa mwisho.

Diwani ameahidi bwawa. Si ndilo jibu la haraka?

Tarehe 9 Mei 2018, usiku, bwawa la Patel lilipasuka Solai, kaunti hii hii ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakafa. Lilikuwa bwawa la shamba, la udongo. Bwawa linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, mhandisi aliyesajiliwa, njia ya kumwagia maji ya ziada inayotosha, na mtu anayelikagua kila masika. Nyumba zilizo chini yake zihesabiwe, na iandikwe itakuwaje likipasuka saa tano usiku.

Kuna na jambo dogo la kila siku: bwawa likijengwa chini ya mteremko usiotunzwa hujaa tope. Nimesimama juu ya moja lililokuwa na miaka minane. Ng'ombe walikuwa wanalisha katikati yake.

Je, kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ni lazima?

Kwa matuta na miti, kwa kawaida hapana. Kwa bwawa, mfereji mkubwa au kubadili mkondo, ndiyo, kwa sheria ya mazingira ya 1999. Ulizeni ofisi ya kaunti mapema, maana kuuliza ni bure na kusimamishwa katikati ya ujenzi si bure.

Nani aitwe mkutanoni?

Wanaochota maji, yaani akina mama na wasichana, kwa sababu wao wanajua kisima gani kilikauka mwaka gani. Vijana wanaoosha bodaboda mtoni. Wachimba mchanga na wafyatua matofali, ambao kila ripoti huwaita "waharibifu" na hakuna ripoti inayowaita kikaoni. Wafugaji. Fundi wa barabara wa kaunti, kwa ile habari ya kalvati. Na mtu mmoja au wawili kutoka upande wa pili wa mpaka.

La mpaka ni zito huku kwetu. Nyando hupita Nandi, Kericho na Kisumu, na wanaofurikiwa hawawapigii kura viongozi wa wanaolima mlimani. Niliwahi kuhudhuria kikao cha pamoja ambacho nusu saa ya kwanza kila upande uliongea lugha yake na kucheka peke yake. Kilichovunja barafu hiyo ni mzee wa kutoka mlimani aliyesema, kwa Kiswahili cha polepole, kwamba hajawahi kuona samaki wa Nyando na angependa kuonja. Kikao kilichofuata kilifanyika kando ya ziwa. Samaki walikuwepo.

Mkishakubaliana, chama cha watumiaji maji, kile kinachoitwa WRUA tangu Sheria ya Maji ya 2002 na kutambuliwa tena na ile ya 2016, ndicho chombo cha kisheria cha kuwabeba, na Hazina ya Amana ya Sekta ya Maji imewahi kufadhili mipango ya vyama kama hivyo.

Upembuzi uchukue muda gani?

Angalau masika moja na kiangazi kimoja. Mto unaopimwa Agosti peke yake umekuficha nusu ya tabia zake.

Na ikionekana haiwezekani?

Basi kazi yenu imefanikiwa, ingawa hakuna atakayewapigia makofi. Kikundi kimoja tulichokisaidia kilitaka kutunza kijito kizima, nyumba 400 na zaidi. Tulipomaliza tukaona zaidi ya nusu ya mteremko wa juu ni wa kukodi, hakuna mnunuzi wa maji chini, na ng'ombe ni wachache. Tukaandika hivyo, wazi: haiwezekani kwa sasa. Mwenyekiti alinuna wiki mbili.

Kisha wakachukua kilichowezekana. Walijengea chemchemi tatu, wakamwomba fundi wa barabara atoboe kalvati mbili za ziada ili maji ya murramu yagawanyike, wakapanda nepia kwenye mdomo wa korongo na kuwazuia mbuzi kwa ua wa miiba. Matuta walichimba kwenye mashamba 11 tu, ya wenye ng'ombe.

Masika ya pili walikuja watu watatu kutoka upande wa juu, wale wa kukodi, kuuliza nepia inauzwa bei gani. Hatukuwa na bei. Mama mwenye shamba akaingia na panga, akawakatia vipandikizi, wakavifunga kwa kamba ya mgomba na kupanda navyo begani.